Mama Mkwe Aliyekwenda Kushtaki

Mtaani walimwita Mama Makochi, na wengi waliowahi kulijua jina lake halisi walikuwa wamekwisha kulisahau. Alikuwa fundi wa kuvisha makochi. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye mlango wa mabati, kimejaa vipande vya sponji, harufu ya gundi, na fremu za mbao zilizosimama uchi zikingoja kitambaa. Kazi hiyo aliianza baada ya kufiwa na mumewe. Watu walimcheka, eti mwanamke na nyundo wapi na wapi. Akawaacha wacheke. Baadaye haohao walimletea makochi yao yaliyobonyea.

Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Ukimpelekea kochi bovu, atalizunguka, atalikalia, kisha atakuuliza, "Hili mlikuwa mnalikalia au mnalipiga?" Lakini kazi yake ilikuwa safi, na mwanawe wa pekee, aliyemfundisha mwenyewe, alimzidi kwa mkono. Mshono wa kijana yule ulinyooka kama umepigwa rula. Tatizo lilikuwa pombe.

Mwanzoni alikunywa kama wanavyokunywa wenzake. Ikafika wakati asubuhi mikono inatetemeka mpaka apate kidogo ndipo ashike sindano. Halafu zikaja siku za kutofika kazini kabisa. Mama Makochi alimalizia kazi zake kimyakimya, na mteja akiuliza, alijibu, "Ana homa." Homa hiyo iliendelea miaka. Mteja mmoja mwenye huruma aliwahi kumshauri ampeleke kijana akapimwe tena, maana homa gani hiyo haiishi.

Mama Makochi alikwisha kumjua mchawi wake: mkwe. Mke wa mwanawe alikuwa mwokaji wa mikate, mwanamke mpole, mchache wa maneno, na Mama Makochi aliuona upole ule kuwa ni kiburi kilichooga kikajipaka mafuta. "Mwanaume hakimbilii chupa kama nyumbani kuna raha," alikuwa akisema. Mkwe naye moyoni aliamini mumewe aliharibiwa na mama aliyemdekeza. Waliishi nyumba moja, na mazungumzo yao hayakuvuka "Umeamkaje, mama?" na "Nimeamka."

Siku moja mchana kijana alianguka bafuni akapasuka juu ya jicho. Kwenye kituo cha afya, muuguzi aliyemshona aliwaambia wanawake wale wawili kwamba palepale kituoni kuna mshauri nasaha anayesaidia watu wenye uraibu pamoja na familia zao. Kijana, bandeji ikiwa bado mbichi usoni, akasema haendi popote, yeye si mwendawazimu.

Mkwe akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nitakwenda."

Mama Makochi akashtuka. Ushauri wenyewe hakuuamini, lakini aliogopa mkwe akienda peke yake atamsema. "Tutakwenda wote," akaamua. Siku ya miadi alivaa kama mtu anayekwenda mahakamani, tena upande wa mlalamikaji.

Chumba cha mshauri kilikuwa kidogo. Feni ilikuwa ikinguruma juu, na dirishani yalionekana mashuka ya wagonjwa yakipunga upepo kambani. Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani na sauti ya taratibu. Mama Makochi aliketi, akakibonyeza kiti kwa kidole, akasema, "Sponji ya kiti hiki ilikufa zamani."

"Hata mgongo wangu unajua," mshauri akajibu. Kisha akawaeleza kwamba watakayoyasema mle hatayatoa nje. "Nani aanze?"

Mama Makochi alianza, na alichukua muda wake. Alimshtaki mkwe kwa ukimya, kwa kuchelewa kurudi, kwa kununa, hata kwa namna anavyofunga mlango. Mkwe aliinamisha kichwa. Mshauri alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kijana asipofika kazini, wewe hufanya nini, mama?"

"Namalizia kazi yake. Nitafanyaje?"

"Na wateja wakimwulizia?"

"Nawaambia ana homa."

Mkwe akainua uso. "Mimi majirani nawaambia ana vidonda vya tumbo."

Mama Makochi akamgeukia. "Na mimi nikikuuliza asubuhi, si huwa unaniambia ameshatoka mapema?"

"Anakuwa chumbani, amelala," mkwe akakiri. "Lakini na wewe, mama, jioni ukirudi peke yako, huwa unaniambia umemtuma misumari."

"Huwa sijamtuma."

"Najua, mama. Kwa misumari ile tungekuwa tumeshajenga ghorofa."

Mama Makochi akaguna, mabega yakaanza kumtikisika, na mkwe akaziba mdomo kwa kiganja. Walicheka mpaka machozi, wakiogopa kutazamana wasije wakaanza tena. Tangu arusi walikuwa hawajawahi kucheka pamoja.

Mshauri aliwangoja watulie. "Hakuna kati yenu aliyemtia chupa mdomoni," akasema, "wala hakuna anayeweza kumwachisha kwa nguvu. Ila huo uongo mnaousema kwa niaba yake ni wenu. Mnaweza kuuacha." Kisha akamtazama Mama Makochi. "Na wewe mwenyewe, mama, unaendeleaje?"

Mama Makochi alifungua kinywa aseme "nashukuru" kama alivyozoea, lakini neno halikutoka. Kilichotoka ni habari za marehemu mumewe. Watu wote waliambiwa alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Ukweli ni kwamba lilikuwa ini, lililomalizwa na pombe, na yeye ndiye aliyekuwa akimbeba kumrudisha nyumbani, akimvua viatu, akimtafutia homa za kusingizia. Alifunika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu hakupita. Alipoona mikono ya mwanawe inatetemeka vilevile, alishindwa kutamka, maana kutamka kungemfanya amzike mumewe mara ya pili.

Mkwe hakuwa akijua hata neno moja la hayo. Alisogeza kiti chake karibu, akamshika mkono.

Haukupita muda mrefu, mteja mmoja, mzee wa makamo, akaja karakanani kuulizia kochi lake. "Kijana wako yuko wapi? Homa tena?"

Mama Makochi akaweka nyundo chini. "Hana homa. Amelewa, amelala pale nyuma. Kochi lako nitalimaliza mimi, ila litachelewa."

Yule mzee akaketi juu ya rundo la sponji. "Pole sana, mama. Kwetu ni dada yangu," akasema, na wakaongea kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia kukaa.

Kijana alisikia yote. Mzee alipoondoka, alitokea nyuma ya fremu, macho mekundu. "Umeniaibisha, mama."

"Nimechoka kusema uongo, mwanangu. Mwili hauwezi tena."

Akaondoka kwa hasira, akalala kwa rafiki. Aliporudi alifanya alichozoea: alimwendea mama kumsema mke. Mama akamjibu, "Mkeo anasema kweli." Akamwendea mke kumsema mama. Mke akamjibu, "Mama yuko sahihi." Akabaki amesimama sebuleni.

"Ninyi mmelishwa nini?" akauliza.

"Tunakwenda kwa mshauri," mkewe akamwambia. "Alhamisi tunarudi. Ukitaka, twende."

Alhamisi hiyo hakwenda. Iliyofuata alikwenda, akaketi karibu na mlango, na karibu saa nzima alitazama viatu vyake. Mwishowe akauliza, "Nikiacha leo hii, itakuwaje?"

"Usiache kwa ghafla ukiwa peke yako," mshauri akasema. "Mwili wako umeizoea, unaweza kupata degedege. Nakupeleka kwa daktari, mimi mwenyewe."

Alilazwa siku kadhaa, akapewa dawa mpaka mtetemeko ukapungua. Baada ya hapo akaanza kuhudhuria kikundi cha watu wenye shida kama yake. Siku ya kwanza, mkewe alipomwuliza kulikuwaje, akasema, "Siruhusiwi kuwataja. Lakini nilidhani niko peke yangu."

Haikuwa mteremko. Miezi michache baadaye, kwenye arusi ya rafiki, alikunywa tena. Kulipokucha Mama Makochi alikuwa na la kusema, tena refu, akalimeza. Kijana mwenyewe ndiye aliyechukua simu, mkewe akiwa ameketi kando yake, akampigia mshauri. "Nimeteleza," akasema. Wiki hiyo alikwenda mara mbili.

Sasa ni zaidi ya mwaka hajaonja. Uso umejaa, na wateja wameanza tena kumwomba yeye kwa mshono. Nyumbani mama mkwe na mkwe wanagombana kwa sauti, kuhusu chumvi na kuhusu nani aliyeacha taa inawaka, na ugomvi ukiisha wanakula meza moja wakisimuliana ya kazini. Kijana anasema zamani nyumba ilikuwa na utulivu zaidi, na hataki urudi.

Mama Makochi bado anakwenda kwa mshauri, siku hizi peke yake, kwa ajili ya mumewe ambaye yeye hakuwahi kumlilia vizuri. Juzi mteja alimkuta anajifunga kitambaa cha kichwa, karakana anamwachia mwanawe.

"Unakwenda wapi, mama, na kochi langu bado?"

"Kwa mshauri."

"Kwani unaumwa?"

"Naumwa," alisema, akichukua mkoba wake. "Lakini naendelea vizuri. Mweleze kijana unataka rangi gani."