Barua Niliyowaandikia Wenye Magari

Kaka yangu alinipigia simu saa moja asubuhi, nikiwa nachambua maharage, akasema neno moja tu: wanarudi. Nilidhani anasema nyani, maana wiki ile nyani walikuwa wamemaliza mahindi ya jirani. Kumbe anasema kampuni ya magari, ile ambayo gari lake lilibomoa ndiva yetu ya maji nikiwa darasa la sita, na ambayo tangu siku hiyo haijatia mguu kijijini kwetu Myamba. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba huenda ikarudi kwenye mbio za magari za ngazi ya juu kabisa duniani. Ana gereji Same mjini, karibu na barabara kuu, na nyuma yake niliwasikia mafundi wenzake wakicheka kwa furaha kana kwamba wameahidiwa wao. Nikamwambia anitumie habari hiyo niisome mwenyewe, kwa sababu kaka yangu husoma kichwa cha habari halafu mengine anayamalizia kichwani mwake.

Niliisoma mara mbili. Nimefundisha watoto ufahamu mpaka nikastaafu, najua kutafuta kitenzi. Kampuni ilikuwa inachunguza. Ilikuwa inatafakari. Mkubwa mmoja alisema mlango haujafungwa. Hapakuwa na tarehe, hapakuwa na gari, wala Afrika haikutajwa, sembuse Same, sembuse kona ya barabara yetu. Nilimpigia nikamweleza hivyo.

"Mdogo wangu," akasema, "mvua huanza na wingu."

"Hata kiangazi kina mawingu," nikamjibu, naye akakata simu.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe. Jioni tundu lake linazibwa, maji ya kijito yanajikusanya usiku kucha, asubuhi linazibuliwa na maji yanashuka kwa mfereji, kila shamba na zamu yake. Yetu iko chini kidogo ya kona ya barabara, na aliyekuwa akiiziba na kuizibua ni baba yangu. Hakulipwa. Aliheshimiwa, jambo ambalo siku zile lilitosha.

Mwaka ule wa darasa la sita tuliambiwa mbio za magari zitapita kwetu. Pembe ya msaragambo ikapigwa. Kwetu Upareni pembe hiyo ikilia, kila nyumba inatoa mtu na jembe lake, na asiyetokea anatozwa jogoo. Siku mbili nzima watu wazima walifukia mashimo ili wageni wapite kwa kasi. Walipita kwa kasi kweli. Gari la tatu lilikosa kona, likaingiza pua kwenye ukuta wa ndiva, na maji yote yakaondoka kwa mkupuo mmoja pamoja na shamba la maharage la mama mmoja mjane. Dereva alishuka akiwa na maji mpaka magotini, akatazama yanavyokwenda. Wanaume wakalitoa gari kwa kamba na mabega, kaka yangu wa miaka kumi na minne akiwa katikati yao, amepakwa tope na furaha. Mkalimani akasema wageni wanashukuru na wataleta saruji mifuko kumi. Wakampa baba kadi yenye anwani, wakampa mkono, wakaondoka.

Miezi ilipita. Ukuta uliozibwa kwa udongo ulivuja kila jioni. Baba hakujua kuandika, na kaka alikuwa na mwandiko kama kuku ameingia jikoni, kwa hiyo kazi ya barua ikawa yangu. Baba alinikalisha mezani akanitamkia neno kwa neno: waambie mimi ndiye mzee wa ile ndiva, waambie ukuta unavuja, waambie nangoja saruji mifuko kumi waliyoahidi. Nilikuwa nashika nafasi ya kwanza darasani na nilijiona mtu mkubwa. Niliona aibu kuombaomba kwa Wazungu. Kwa Kiingereza changu cha shule nikawaandikia kwamba gari lao ni zuri sana, lina kasi kuliko yote, na sisi wote Myamba tunawapenda. Saruji sikuitaja. Nilipomaliza nilimsomea baba kwa Kiswahili yale aliyoyatamka yeye, naye akaitikia kila sentensi kwa kichwa.

Wakajibu. Ilikuja bahasha ngumu, ndani yake picha kubwa ya gari limeruka juu ya kilima, matairi yote manne hewani, na sahihi pembeni. Baba aliishika kwa mikono miwili. Aliniuliza inasemaje. Nikamwambia inasema wamesikia.

Picha akaitundika sebuleni, karibu na kalenda ya kanisa. Tangu hapo kila wazee walipotaka kupiga pembe ili ukuta ujengwe upya kwa mawe, baba aliwazuia. Alisema hana ruhusa ya kuwachosha watu mara mbili, saruji iko njiani. Nao walimsikiliza kwa sababu ndiye aliyekuwa mwenye neno juu ya maji. Kampuni ikajitoa kwenye mbio, sisi hatukujua. Baba amezikwa hatua mia moja kutoka kwenye ndiva inayoshika nusu ya maji yake. Mashamba ya chini yaliacha kupata zamu, tangawizi yao ikawa ya kubahatisha mvua. Mimi nilikwenda chuo, nikarudi, nikafundisha watoto wao, na sikusema kitu.

Kwa hiyo mtu asiniulize kwa nini simu ya kaka ilinipandisha hasira. Nilikuwa na hasira na kampuni, na kaka, na ile picha, na zaidi ya yote na kale kabinti kenye mwandiko mzuri.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nasonga ugali niliposikia pembe. Nilitoka na mwiko mkononi. Jirani akaniambia kaka yangu amepanda kutoka Same tangu alfajiri, amezungumza na mwenyekiti wa kitongoji, na wamekubaliana kona ipanuliwe kabla wageni hawajaja kukagua njia. Na kwa kuwa upande wa juu ni mwamba, watapanua kwa chini. Chini kuna ndiva.

Nilipofika walikuwa zaidi ya watu thelathini, na mawe ya kujazia barabara yamekwisha kukusanywa. Kaka yangu, mwenye miaka yake sitini na ushee, ovaroli la gereji mwilini, alikuwa juu ya ukuta wa baba ameshika sururu. Mapigo mawili ya kwanza alikuwa amekwisha kuyapiga. Niliona udongo mbichi umemwagika ndani ya maji.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema mwenyekiti, ambaye nilimfundisha kusoma.

"Marahaba. Hiyo habari ya kampuni umeisoma, au umesimuliwa?"

Akamtazama kaka yangu. Nikaitoa simu nikawasomea yote, polepole, kama nilivyokuwa nikiwasomea darasa la tatu. Nikawauliza wale waliopita darasani kwangu: kampuni imesema itafanya nini? Mama mmoja akajibu kwamba imesema inafikiria.

"Inafikiria," nikasema. "Na sisi tumekwisha kushika masururu."

"Baba alingoja siku hii maisha yake yote," kaka akasema kwa sauti ya chini. "Hata wewe unajua. Walimjibu. Walisema wamesikia."

Nikaizima simu. Nikawaambia. Nikawaambia baba alitamka nini na mimi niliandika nini. Nikawaambia ile picha ilikuwa jibu la sifa, maana hakuna aliyewaomba kitu. Wengine waliokuwa pale ni watoto wa waliokosa zamu, na sikuwa na uso wa kuwatazama.

Kaka alikaa juu ya ukuta, sururu magotini. Alijifunza kazi yake kwa kuitazama picha ile.

"Basi kampuni haina kosa," akasema. "Hawakuambiwa."

Hapo ndipo nilipopandwa na jazba ambayo sikujua ninayo. Nikamwambia waliambiwa na macho yao. Dereva alisimama ndani ya maji ya watu, akayaona yanakwenda. Mimi nilidanganya nikiwa mtoto, nitaulizwa kwa hilo na nitajibu. Lakini anayebomoa ukuta wa mtu hangoji barua. Na watu wenye mali ya kufikiria kurudi kwenye mbio za dunia hawakuwahi kufikiria kurudi kwenye kona moja.

Mwenyekiti alikohoa, akasema pembe ikishalia watu hawarudi nyumbani bila kufanya kazi, hiyo ndiyo desturi, na mawe yako hapo. Mama yule aliyejibu swali langu akabeba jiwe, akashuka nalo, akaliweka mguuni mwa ukuta. Wakaanza kushuka mmoja mmoja. Nikatupa mwiko nikashika jembe. Tulijenga mpaka jua likaegemea, na kaka yangu alibeba mawe makubwa kuliko umri wake bila kusema na mtu, hasa mimi. Na jogoo nilitozwa vilevile, kwa kuchelewa.

Asubuhi nilizibua tundu mwenyewe nikafuatana na maji mfereji mzima. Yalifika shamba la mwisho. Mwenye shamba hilo alizaliwa baada ya siku ile ya gari, na maji ya ndiva alikuwa hajawahi kuyaona kwake. Alisimama tu amekunja suruali. Hakunishukuru, na alifanya vyema.

Kaka alipita kuaga kabla ya kushuka Same. Alisimama sebuleni mbele ya picha, na nikadhani ataiomba aende nayo.

"Waandikie tena," akasema. "Sasa hivi wanasikiliza watu, wanataka kurudi."

Ni kaka yangu, nifanye nini. Nilimfungia tangawizi kwenye mfuko nikamsindikiza hadi kwenye kona. Niliporudi nilitoa karatasi, nikakaa kwenye meza ileile. Nimewaandikia, na safari hii nimeanza na mifuko kumi. Kuhusu uzuri wa gari lao sijaandika neno.