Walivyoua viinitete vya ng'ombe wa marehemu baba, sasa mshtakiwa ni mimi

Wakuu, poleni na majukumu. Haya sikuhadithiwa, yamenikuta hapa Bujumbura na kifua bado kinawaka.

Marehemu baba alituachia ng'ombe mmoja, Gaju. Kwetu Burundi ng'ombe wa baba si mali tu, ni jina lake.

Gaju alishazeeka, kila mimba inatoka. Daktari wa mifugo akashauri tumvune viinitete, yaani mimba changa kabisa, tuvigandishe, halafu tuvipandikize kwa ng'ombe kijana.

Vikapatikana vichache. Vikatiwa kwenye vijirija vyembamba na kuzamishwa kwenye tangi la naitrojeni. Baridi yake wakuu, friji yako ni jiko.

Haukupita muda Gaju akafa. Ukoo wake wote ukabaki ndani ya lile tangi, nyumbani kwangu Kibenga.

Siku ya kupandikiza, baba mkubwa akashuka kutoka mlimani na wazee wenzake. Ng'ombe wa urithi lazima aonwe na mashahidi, hiyo mila siikatai. Lakini nilimweleza wazi: hivi havitolewi nje, vikipata joto vimekufa.

"Sawa mutoto wangu," akanijibu. "We tafuta kwanza pombe ya bazee."

Nikaenda Jabe kuchukua kreti za bia.

Narudi nakuta tangi wazi! Vijirija vinapita mkono kwa mkono juu ya leso, kila mzee anainua juani anachungulia. Mmoja amesimama anamsifu Gaju kwa majina ya sifa, wenzake wanapiga makofi.

Nilipiga ukelele. Baba mkubwa akavirudisha taratibu, akafunika.

"Unalilia nini? Tumerudisha byote, hata kimoja hakikupotea."

Kwa wasiojua: kuvirudisha ndiko kuvimaliza kabisa. Kikishapata joto kikaganda tena ovyo, kinapasuka ndani kwa ndani.

Daktari alipofika nikamweleza. Hakutaka kukata tamaa. Aliviyeyusha kimoja kimoja kwenye maji ya uvuguvugu, akavitazama kwa hadubini.

"Apana," anasema. Anachukua kingine. "Apana."

Cha mwisho alipokitazama, akaanza kufungasha vifaa vyake.

Nililia, wakuu. Mwanamume mzima na ndevu zangu.

Sasa sikieni uchungu wenyewe. Ukoo ukaitisha kikao, baba mkubwa akasema nimeuza viinitete vya ng'ombe wa ndugu yake kwa siri, eti kufa ni kisingizio.

"Siye tulibiona na macho yetu, byote bilikuwa bizima. Bashahidi ni hawa."

Na wale wazee, waliokunywa bia yangu, wakaitikia mmoja mmoja.

Funzo: kuna watu hawaamini mpaka washike. Ukiwa na kitu kisichoshikika, kifungie chumbani na ufunguo utembee nao, hata kama mgeni ni damu yako.

Jumapili natakiwa niombe msamaha mbele ya ukoo, la sivyo nisihesabiwe tena mtoto wa baba yangu. Wenye busara nishaurini, wenye matusi pia karibuni. Ungekuwa mimi, ungeomba?