Askari wa Yaya kwenye Daraja

Yaya wangu, kaka yangu mkubwa, hakuwa amekanyaga nyumba yetu ya mtaa wa Makomeno tangu niolewe. Sisi ni watoto wa Waislamu waliotoka Maniema. Bwana yangu ni Mkatoliki, mjukuu wa mfanyakazi wa reli kutoka kaskazini mwa Katanga. Yaya hakupiga kelele. Aliacha tu kuja.

Kilichomleta ni mchezo. Yeye ni fundi wa shaba, na kwa mabaki ya nyaya alikuwa akitengeneza askari wadogo wa kimo cha kidole, wa mchezo wa vita unaochezwa mezani kati ya vijumba, kuta na madaraja ya mfano. Bwana yangu alikuwa na mchezo huohuo, pamoja na karatasi za sheria kwa Kifaransa. Walilijua hilo nyumbani kwa rafiki mmoja. Jumapili moja mchana yaya akabisha mlango, kartoni ya askari kwapani.

Mimi sichezi, kwa hiyo wakanifanya mwamuzi.

“Soma weye,” bwana yangu akaniambia. “Asiseme minamudanganya.”

Kila askari, zamu yake ikifika, husogea umbali wake, nao tuliupima kwa utepe wangu wa kushonea. Tena hufanya kitendo kimoja: kupiga, kufungua mlango, kubomoa kitu. Walicheza kimya mpaka yaya alipompeleka askari wake kando ya daraja, akalibomoa, kisha akaanza kumrudisha nyuma ya ukuta.

“Hapana, bashemeji,” bwana yangu akasema. “Ameisha kutembea.”

“Ametembea nusu. Nusu ingine iko.”

“Ile nusu ilikufa wakati alibomoa daraja.”

“Banakataza wapi?”

Bwana yangu akanitazama. Yaya hakunitazama, alibaki amemshika askari juu ya meza, mkono umesimama hewani.

Karatasi ilisema askari husogea kabla ya kitendo chake au baada yake. Kuhusu kuugawa mwendo, kimya. Nilisoma tena, ingawa nilikuwa nimeelewa. Niliogopa kwamba nikimkatalia yaya, ataona nimemchagua bwana yangu mara ya pili, na mlango ule hataubisha tena.

“Kabla ao kisha,” nikasema. “Hapana zote mbili. Yaya, ule soda, askari yako, anabakia pale pale.”

“Njo vile unasoma?” yaya akataka kuhakikisha kama ndivyo.

“Njo vile iko.”

Akamrudisha askari pale penye daraja. Bwana yangu akampiga, akamlaza. Yaya akasukuma kiti nyuma, nikadhani anaondoka. Kumbe alikuwa anakunja mikono ya shati.

Zamu ikafika kwa bwana yangu. Akamtoa mpanda farasi wake nyuma ya nyumba, akapiga, kisha mkono ukaanza kumrudisha mafichoni.

“Muache pale,” nikasema, kabla yaya hajafungua mdomo.

“Huyu iko na farasi.”

“Farasi iko na sheria yake?” Yaya aliniuliza mimi, si bwana yangu.

Nikapekua karatasi zote, wakinisubiri. Farasi alipewa umbali mrefu zaidi, basi.

“Sheria ni ile ile,” nikasema.

Bwana yangu akamweka chini kwa nguvu mpaka meza ikatikisika. Alikuwa askari wake bora. Yaya akamwangusha bila kutabasamu. Usiku ule, nikawaza, nitalala na mtu aliyenuna.

Yaya akatazama dirishani, jua lilivyoshuka.

“Alasiri imefika,” akasema. “Mininaweza kusali hapa?”

Bwana yangu ndiye aliyesimama. Akashika meza upande mmoja, akaniashiria nishike wa pili, tukaisogeza polepole hadi ukutani ili askari wasianguke.

“Hapa iko nafasi, bashemeji,” akasema. “Maji iko pale nyuma.”

Yaya alisali, sisi tumesimama jikoni kama wageni. Aliporudi mezani wakaendelea, na jioni bwana yangu akashinda kwa shida. Waliendelea kubishana kuhusu askari wa daraja na ule ukuta wake mpaka barazani, yaya akiondoka.