Alama Tano kwenye Sinia

Kati ya maganda mia ya risasi niliyoyapitisha motoni siku ile, matano yalikuwa yameungua hadi kwenye kitako, na sikuwa na njia ya kujua ni yapi. Yalikuwa yameshang'arishwa pamoja na yale tisini na tano mazima, na yote yalimeta sawasawa. Mwenye maganda hayo alikuwa anatarajia kuweka shavu lake juu ya bunduki kesho yake jioni na kuyafyatua moja baada ya jingine.

Nilifika Doha kama mlinzi. Kampuni ilinipeleka kwenye lango la klabu moja ya kulenga shabaha, nikakaa langoni mwaka na nusu, kisha fundi mkuu wa silaha akaniomba nihamie karakana yake. Alikuwa Mmisri, mtu wa maneno machache, na sote tulimwita muhandis. Karakana ilikuwa na watu wawili tu chini yake, mimi na mzee mmoja wa Mombasa aliyenitangulia kwa miaka mingi, na ambaye hakuchoka kunikumbusha kwamba watu wa bara hatujui kupika wala kusubiri.

Kazi yetu ilikuwa kuandaa maganda yaliyokwisha kufyatuliwa ili muhandis ayajaze upya. Ganda ni kikopo cha shaba ya manjano. Kila linapofyatuliwa, shingo yake hutanuka, kisha hubanwa tena kwenye mashine, na baada ya mara kadhaa shaba hukakamaa na kuanza kupasuka. Dawa yake ni moto. Tulikuwa tukiyasimamisha maganda ishirini ishirini kwenye sinia la bati lenye maji yanayofika nusu ya urefu wa ganda, tukizungusha mwali wa gesi shingoni, na mara tu wekundu hafifu unapojitokeza tunalisukuma ganda kwa waya lianguke majini. Shingo inalainika, kitako kinabaki kigumu. Ugumu huo wa kitako ndio unaozuia mlipuko usirudi nyuma usoni mwa mpigaji. Muhandis alinieleza hivyo siku ya kwanza, akagusa jicho lake la kulia kwa kidole, na hakurudia tena.

Wekundu ule hauonekani mahali penye mwanga, kwa hiyo tulizima taa. Kiyoyozi nacho tulikizima, kwa sababu upepo wake uliyumbisha mwali. Pembeni yangu palikuwa na jagi la plastiki la lita tano. Nilikunywa humo, na kutoka humo humo nilichota maji ya kuongezea sinia kila yalipopungua. Sikuwahi kufikiria kwamba jagi lile lilikuwa chombo cha kazi. Lilikuwa tu jagi.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia katikati ya kiangazi. Mzee alikuwa amefunga, na mimi ni Mkristo. Siku ya kwanza ya mfungo niliona si adabu kuweka maji baridi mbele ya mtu aliyekaa na mwali wa gesi tangu asubuhi bila tone kinywani. Nilihamishia jagi kwenye kijichumba cha mifagio nje ya karakana. Nilikuwa nikienda kunywa huko nyuma ya mlango, na kila nikirudi nilibeba kikombe kimoja cha kuongeza kwenye sinia. Hakuniuliza kitu, nami sikumweleza. Nilijiona nimefanya jambo jema.

Maganda yale mia yalikuwa ya bwana mmoja Mkatari, mpigaji wa masafa marefu, mpole, anayewasalimia hata wafagiaji kwa kuwapa mkono. Alikuwa na mashindano kesho yake. Kazi ilikuwa ya haraka, na zamu ya mfungo ilikwisha saa nane mchana. Sinia la kwanza, la pili, la tatu. Baada ya la tatu nilipaswa kwenda kule kwenye mifagio, lakini nilikuwa nimekunywa muda si mrefu, sikuwa na kiu. Niliendelea na la nne, kisha la tano.

Tulipomaliza, mzee aliyazoa maganda gizani kama kawaida, akayakausha kwa kitambaa, akayachanganya na mengine, akayamimina kwenye mashine ya kung'arisha, ambayo huyazungusha ndani ya chenga za magunzi ya mahindi. Aliiwasha. Mimi niliwasha taa nikaona sinia. Meza yetu iliinama kidogo upande wa ukutani. Maji yalikuwa yamekusanyika upande mmoja, na upande wa pili bati lilikuwa kavu, lina alama tano za duara, nyeusi, kubwa sawa na kitako cha ganda.

Hapo ndipo nilipopaswa kuizima mashine. Ganda lililotoka motoni huwa na utepe wa bluu chini ya shingo, na lililoungua lina bluu hiyo mpaka chini. Dakika ile ile yangetambulika kwa macho. Lakini nilisimama na sinia mkononi nikitafuta namna ya kuanza kusema, na nilipokuwa nikitafuta, magunzi yalikuwa yakifuta bluu. Nilipopata la kusema, halikuwa na maana tena. Muhandis aliingia, akaangalia yanavyong'aa, akachukua masanduku, akajifungia kwenye chumba chake cha kujazia.

Niliosha sinia. Sijui kwa nini nililiosha.

Kwenye basi la kurudi Industrial Area, tulikokuwa tunaishi, nilikaa karibu na mzee. Tulipopita Abu Hamour nilimwambia yote, pamoja na jagi. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, midomo imekauka. Hakufungua macho.

"Sasa mimi nilikwambia maji yananitia tamaa?"

Nilimwambia hapana.

"Mimi ndiye niliyefunga, mbara wewe. Jagi halikufunga." Kisha akafungua macho. "Mpigie muhandis."

Nilimwambia labda kesho asubuhi, ana kwa ana, mashindano ni jioni. Akasema kesho ni mbali, na kwamba yule bwana Mkatari hupenda kujaribu bunduki siku moja kabla. Hilo sikulijua. Nilipiga simu mara sita kabla ya kushuka, mara nyingine nne chumbani. Muhandis alikuwa amelala, kama nusu ya mji inavyolala saa hizo za mfungo. Nilikaa kitandani nikitazama simu. Kila nilipofumba macho niliona kidole chake kikigusa jicho.

Alipokea baada ya futari. Nilieleza kwa Kiarabu changu kibovu. Aliuliza swali moja tu, ni mangapi. Nikasema matano. Akasema alikuwa amejaza ishirini mchana, na sanduku limeshakwenda uwanjani. Akakata simu.

Alimwahi yule bwana kabla hajafyatua hata moja. Kesho yake nilimkuta muhandis karakanani amezifungua risasi zile, ametoa baruti na vichwa vyake, anabana vitako kwenye jiliwa, kimoja kimoja. Kitako kigumu hugoma, kikiachiwa hurudi. Kilichoungua hubonyea na kubaki hivyo. Alituita tusimame tutazame. Aliyabana yote, hata yale themanini ambayo hayakuwa yamejazwa, akiyatupa kwenye ndoo. Manne yalibonyea.

"Una hakika ni matano?" aliniuliza.

Nilikuwa na hakika. Mzee wa Mombasa alianza kusema giza linadanganya, nikamwambia alama niliziona taa ikiwa imewaka.

Muhandis alimwaga ndoo mezani tukahesabu pamoja. Yalikuwa tisini na tisa. Daftari lake la kujazia lilisema ishirini zilitoka. Sanduku lililorudi lilikuwa na kumi na tisa. Yule bwana alisema hakugusa hata moja, na alipekua gari lake mbele yetu hadi chini ya mazulia. Uwanja ulifagiwa mara mbili. Niliondoka Doha miaka mitatu baadaye, na hadi siku hiyo risasi ya ishirini ilikuwa haijaonekana.