Matanga ya Mwenyekiti Aliye Hai

Sanda yangu niliikuta mlangoni asubuhi, nilipotoka kufagia. Bafta nyeupe, imekunjwa vizuri, na pamba na ubani juu yake. Barua haikuwapo. Ya nini? Mtaa wetu wote, huku Chumbageni, ulijua kwamba mimi, mwenyekiti waliyemchagua wenyewe, nimekataa kugonga muhuri kwenye karatasi za kuuza kiwanja cha wazi tunakofunga maturubai ya misiba na harusi. Mkutano wa wakazi wa kuamua jambo hilo ulikuwa umebakisha siku tatu.

Nilitoa taarifa polisi, wakaandika, wakaniambia nijichunge. Nyumbani mume wangu alikaa kitandani ameshika kichwa.

"Jiuzulu, mama watoto. Kiwanja chenyewe si cha baba yako."

Niliogopa, sitadanganya. Lakini hasira ilizidi. Mtu wa mtaani kwangu, huenda ninayemwamkia kila siku, ameenda dukani kuninunulia sanda!

Saa nne nikasikia kilio barazani, kilio cha msiba hasa. Nikatoka mbio. Alikuwa mtani wangu, bibi wa Kibondei anayekaanga mihogo njia panda. Mimi Mdigo, na watani wetu hututania hata penye jeneza, wala mtani hakasirikiwi.

"Shikamoo bibi. Kuna nini tena?"

"Nyamaza weye! Marehemu haongei."

Akaichukua ile sanda, akanipimia kuanzia begani. "Fupi! Miguu itabaki nje. Kununua sanda tu kumewashinda, ati wataweza kuua?"

Nilicheka mpaka machozi yakatoka, kisha yakawa machozi ya kweli. Hapo akaacha utani, akatandika mkeka.

"Msiba una wafiwa, na wafiwa hawaondoki. Matanga hatuyaanui mpaka mkutano upite."

Kufika adhuhuri mikeka ilikuwa imefika barabarani. Waislamu kwa Walutheri walikaa pamoja, wanawake na masufuria yao, wanaume na bao lao, wakipokezana usiku na mchana. Nilikwenda sokoni na wafiwa wawili nyuma yangu. Mume wangu, yule wa jiuzulu, ndiye aliyepasua kuni.

Siku ya mkutano, mchana, aliyetaka kukinunua kiwanja akaja na karatasi zake kwapani. Naye ni mtu wa huku huku, asingeweza kupita penye mkeka wa msiba kama hauoni. Akavua viatu, akaketi, karatasi akazipakata.

"Sema pole," mtani akamsaidia. "Mpe marehemu mwenyewe, yule pale anakula."

Alicheka peke yake. "Mwenyekiti, haya mambo tuyamalize kiutu uzima. Gonga tu muhuri."

"Umechelewa," nikamjibu, mkono ungali kwenye wali. "Nimeshaletewa sanda, na maiti hagongi muhuri."

Barazani watu wote wakamtazama yeye. Akatafuta viatu vyake, akaondoka. Alasiri mikono ikanyooshwa mkutanoni, na kiwanja kikabaki chetu.

Aliyeweka ile sanda simjui hadi leo. Bado naogopa, hasa nikitembea peke yangu. Lakini uchaguzi unakuja, na fomu nimeshachukua.