Timu Ilipohamia Kundi la Nizwa

Juzi nimekaa kikaoni kuanzia adhuhuri mpaka alasiri inaadhiniwa, nikatoka kichwa kinanigonga. Habari yenyewe ni hii, nawe usinicheke: chuo chetu hapa Ibra kinataka kuitoa timu yake ya mpira kwenye kundi la Sharqiya, inakocheza na Sur na Jalan, na kuipeleka kundi la Dakhiliya ikacheze na Nizwa na jirani zake. Mimi nimo kwenye kamati kwa sababu nashughulikia mambo ya wanafunzi, na kila jambo lisilo na mwenyewe huletwa mezani kwangu. Kijana wa michezo alituonyesha picha ukutani, moja baada ya moja: majani ya uwanja wa Nizwa yalivyo kijani, taa zake, vyumba vyake vya kubadilishia nguo. Wenzangu wakawa wanaguna kwa kuridhika. Mimi nimebana meno. Maneno yale yote nilishayasikia nikiwa mtoto, nimekaa mlangoni mwa jiko la bibi yangu, nazi mkononi.

Nakuandikia kwa Kiswahili, rafiki yangu, kwa sababu kikao kilikuwa cha Kiarabu na adabu zake, na mimi nikiudhika huudhika kwa Kiswahili.

Bibi alikuja Ibra kutoka Unguja akiwa mtu mzima, na watoto wake, na mbuzi yake ya kukunia nazi aliyoipakata njia nzima asikubali kuiweka kwenye mizigo. Mdogo wake wa tumbo moja, tuliyekuwa tukimwita bibi mdogo, naye alifika, lakini mumewe alikuwa mtu wa Sur, basi akakaa Sur. Ukitazama leo kwenye ramani utasema wapo jirani. Kwa Bibi ilikuwa mbali. Babu alikwishafariki, na wajomba zangu walikuwa wakifanya kazi Maskati, wakija mwisho wa wiki wamechoka, wanakula na kulala. Bibi mdogo alikuwa na maradhi ya miguu, hatoki nyumbani. Simu ilikuwepo, ila Bibi alikuwa akizungumza nayo kwa ukelele na kuikata upesi upesi. Akisema hiyo simu haina uso, mtu atajuaje kama mwenzake amekonda.

Kilichomwokoa ni basi la timu ya chuo. Mwalimu wa michezo alikuwa jirani yetu ukuta kwa ukuta, mtu aliyezaliwa bara, mchangamfu, mwenye sauti inayofika mtaa wa pili. Timu ikienda kucheza ugenini, Bibi ndiye mpishi. Nani alimpa kazi hiyo, mpaka leo sijui. Bibi akisema mwalimu alimwomba. Mwalimu akisema siku moja aliingia kwenye basi amemkuta Bi Mkubwa amekaa nyuma ya dereva na sufuria lake miguuni, na hapakuwa na mwanamume mwenye ubavu wa kumteremsha.

Siku za kwenda Sur nyumba yetu ilikuwa inaamka na harufu ya iliki na vitunguu vinavyokaangwa. Mimi nakuna nazi, nachambua mchele, nachungulia mkate wa kumimina usije ukaungua juu. Bibi anapita na kanga kiunoni, akituharakisha kana kwamba mechi ataicheza yeye. Sufuria la pilau lilikuwa linavikwa blanketi na kufungwa kwa kamba, tena Bibi akilikagua lile fundo mwenyewe, haamini mikono ya mtu. Kwenye basi vijana walikuwa wakiimba njia nzima, na wimbo ukianza kwenda upande usio na adabu, Bibi anakohoa. Kikohozi kimoja tu. Wimbo unageuka kasida papo hapo.

Nyumba ya bibi mdogo ilikuwa nyuma ya uwanja. Timu inashuka kwenda kupasha moto miili, Bibi anashuka kwenda kwa mdogo wake. Hao wawili walikuwa wanatandika jamvi uani, wanavua viatu, wanaanza. Wakizungumza wote kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenzake, na kila mmoja amesikia lote. Mara wanacheka hadi wanafuta machozi kwa ncha za kanga, mara wamenyamaza, bibi mdogo amenyoosha miguu na Bibi anaikanda kwa mafuta ya habbasoda. Kelele za mpira zinapita juu ya ukuta, hawazisikii. Mchezo ukimalizika wananiuliza nani kashinda, kwa adabu tu, na jibu hawalisubiri.

Tukirudi, tunarudi na ng'onda. Bibi mdogo hakuwa akikubali dada yake aondoke bila mfuko wa samaki wakavu wa Sur, na basi zima likinuka mpaka Ibra. Wachezaji wakivuta fulana zao puani.

"Bi Mkubwa, nakuomba, mfuko huo tuufunge juu ya basi," mwalimu akisema.

"Juu kuna jua."

"Si wamekaushwa kwa jua hao?"

"Ndiyo. Wameshalipata la kutosha."

Basi, kwa Bibi mambo yalikuwa mazuri. Kwa mwalimu yalikuwa mabaya, kwa sababu Sur tulikuwa tukifungwa kila tukienda. Vijana wetu wengi walikuwa watoto wa watu waliorudi kutoka Unguja na Pemba, na uwanjani walikuwa wakielekezana kwa Kiswahili. Mwalimu alikuwa akiiona hiyo ndiyo silaha yake. Kwengine ilimsaidia. Lakini Sur, nani wa kumficha Kiswahili? Mwalimu anapiga kelele kutoka pembeni, "Kipa wao kulia hawezi, pigeni kulia!" na kipa wa Sur anasogea kulia na kumshukuru.

Siku moja baada ya alasiri akaja mkuu wa chuo kwenye majlis ya nyumba yetu, chumba cha kupokelea wageni, na mwalimu, na majirani wawili watatu wa kuja kunywa kahawa na kuunga mkono chochote kitakachosemwa. Bibi yupo jikoni, pazia katikati. Mimi nipo mlangoni.

"Mkuu, Nizwa ndiyo chansi yetu," mwalimu akasema. "Kule hawatusikii. Tutacheza kama tupo chumbani kwetu. Hapa kila ninalosema limeshafika Sur kabla ya mpira."

"Na kundi lile lina jina," mkuu akasema. "Uwanja mzuri. Hata njia ya kwendea huko, ya Sinaw, si mbaya."

Bibi akaanza kujibu kutoka nyuma ya pazia. Sijapata kumsikia akizungumza mpira, na siku ile ilionekana kwa nini. Alisema maji ya kule yatawaumiza watoto matumbo. Mkuu akamwambia kwa upole kuwa maji ya chupa aliyowaletea yanatoka Tanuf, huko huko Nizwa. Akasema milima inaziba pumzi, mtu hawezi kukimbia. Akasema ngome ile kubwa itawatisha. Akasema watu wa ndani hawajui kula nazi, pilau lake nani atalithamini. Wanaume wakacheka kwa heshima, wakampongeza kwa kahawa. Nami nimeganda pale mlangoni, nangoja aseme. Kila akivuta pumzi nasema, sasa atalisema. Hakulisema. Khalas, wakaafikiana, timu ikahama.

Mwalimu alimjia kesho yake na furaha tele. "Sasa Bi Mkubwa tutakupeleka Nizwa. Utaona souk, utakula halwa ya moto."

"Mwende salama," Bibi akamwambia.

Akapika kama kawaida, pilau, katlesi, mkate wa kumimina. Akalifunga sufuria kwenye blanketi, akalikagua fundo, akalikabidhi kwa dereva mlangoni. Kwenye basi hakupanda. Nilitaka kumrukia mwalimu nimng'ate mkono, wallahi, na mimi sikuwa mtoto wa kung'ata watu.

Yaliyotokea Nizwa alitusimulia mwalimu mwenyewe, na kwa kuwa ni mtu wa haki hakujipunguzia. Wenyeji walikuwa na beki mkubwa, mnene, mzito wa kugeuka. Mwalimu akasimama pembeni amejaa raha, akaita kwa ile sauti yake: "Huyo beki gunia la mbatata! Mpitieni tu!" Beki akageuka. Akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa.

"Shikamoo mwalimu. Gunia limesikia."

Kwao walikuwa wametoka Bujumbura. Vijana wetu walicheka mpaka wakafungwa bao. Kulikuwa na mwengine kwenye kiungo, na mwengine kwenye benchi, watoto wa Kigali na wa Kisangani. Mwalimu alifikiria kila kitu, uwanja, njia, fomesheni, asifikirie kuwa waliorudi kutoka Afrika hawakuteremka mji mmoja. Sasa wewe ungedhani baada ya hapo watasema, haya, tumekosea, turudi kwetu. Hata! Wakasema karatasi zimeshakwisha, na uwanja wa Nizwa kwa kweli ni mzuri. Kila nikikumbuka hili napandwa na hasira upya. Sababu ya kwenda imekufa mbele ya macho yao, wao wameendelea kwenda. Mpaka makundi yalipopangwa upya, miaka mingi baadaye, ndipo timu ikarudishwa Sharqiya.

Bibi mdogo alifariki baridi ile ile. Simu ililia asubuhi, Bibi akaisikiliza bila kupiga ukelele, akairudisha mahali pake taratibu. Mjomba aliondoka Maskati pale pale, akaja kutuchukua, akatuendesha mpaka Sur. Tulipofika walikuwa wameshazika, na hakuna wa kumlaumu, maiti hawekwi. Bibi aliingia uani akaona jamvi limeegeshwa ukutani. Akakaa chini, juu ya saruji, na wanawake wa Sur wakamzunguka.

Tuliporudi Ibra mwalimu alikuja kutupa pole. Alikuwa hajui. Nakwambia ukweli, hakujua. Miaka yote ile ya basi, alidhani Bibi anapenda safari, au anapenda vijana, au anapenda kushukuriwa kwa pilau lake. Alikaa ukingoni mwa mto wa kukalia, mikono magotini.

"Bi Mkubwa, kwa nini hukutwambia? Ungesema neno moja tu. Ningekupeleka mwenyewe, kwa gari yangu, kila wiki."

Bibi alikuwa anamimina kahawa. Akamimina mpaka mwisho, akampa kikombe.

"Nilidhani mnajua," akasema.

Mwalimu hakukifikisha kikombe kile mdomoni. Nimewakasirikia wanaume wale umri wangu wote, lakini usidhani Bibi nimemwacha. Nilimkasirikia na yeye, tena sana. Ungesema, Bibi! Maji, milima, ngome, yote hayo umeyapatia maneno! Nilipokuwa mkubwa ndipo nikafahamu kuwa kwa watu wa rika lake, kusema mbele ya majlis kwamba namtaka mdogo wangu, ilikuwa ni kuomba. Na Bibi tangu ashuke kwenye ndege hakutaka aonekane anaomba kitu katika nchi hii.

Kwa hiyo juzi, kijana wa michezo alipomaliza picha zake, mimi nilinyoosha mkono. Niliamua nitakuwa yule ambaye Bibi hakuwa. Nikawaambia kabla hatujahama, tuulize kwanza: njia hii ya Sur inawaunganisha nani na nani? Kuna wanafunzi, kuna wazee wao, kuna wafanyakazi wenye jamaa kule. Mwenyekiti akanisikiliza kwa adabu, kalamu mkononi.

"Ahsante, ustadha. Hilo tutaliweka kwenye mengineyo."

Kwenye mengineyo hatukufika. Ilipigwa kura. Ya kubaki ilikuwa yangu tu, peke yake.

Nje, kwenye kivuli cha jengo, nikawakuta wachezaji waliokuja kuwakilisha wenzao. Wajukuu wa watu ninaowajua, sura zile zile. Nikawauliza kwa Kiswahili nani kati yao ana mtu Sur. Wakatazamana.

"Mimi nasikia Kiswahili, ustadha, ila kusema hapana," mmoja akasema, akacheka kwa haya. Kisha akafikiri. "Bibi yangu alikuwa na mtu huko. Dada yake, au binti ammi yake. Wallahi sijui jina yake."

"Huendi kumwona?"

"Nani?" akaniuliza, na hakuwa na ubaya wowote.

Watoto wazuri, heshima tele. Mmoja alinibebea mkoba mpaka kwenye gari. Na barabara ya Sur siku hizi ni pana, laini, unakwenda asubuhi na kurudi kula chakula cha mchana kwenu, na hapana hata mmoja wao asiyekuwa na gari mlangoni.

Nimekaa nyuma ya usukani nikashindwa kuwasha moto kwa hasira, na hasira ilipopungua nikajikuta nalia. Zamani kuhamisha timu kulimpotezea Bibi ndugu yake. Mara hii nilikuja nimejiandaa kumtetea atakayepotezewa, nikamtafuta kamati nzima, nikamtafuta mpaka nje kivulini, na sikumpata.