Kioo Kilichofunikwa

Ukumbi wa vidio wa Laare uko nyuma ya duka la majembe. Jumapili mchana, madirisha yakishazibwa kwa blanketi, ndani huwa giza kama ndani ya gunia. Kanini alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango. Hakuja kwa sababu ya sinema. Alikuja kwa sababu aliogopa kubaki nyumbani na mikono yake mwenyewe.

Mikono hiyo imefunga mabunda ya miraa, vile vijiti vya kutafunwa, tangu akiwa msichana. Lakini mwezi huu Younis, mnunuzi wa kutoka Maua, alikuwa amerudi mara tatu na pikipiki yake akifoka. Kila mara alikuwa amekata bunda la Kanini kwa kisu, na katikati ya vijiti vizuri akakuta majani ya ng'ombe.

"Mama Linda, nimekukosea nini?" Younis alimuuliza Kanini.

Kanini hakukumbuka kitu. Aliyekumbuka ni Ndwiga, mumewe.

"Nilikuona ukiyaweka," alimwambia kwa upole, mbele ya Younis. "Ulikuwa unaongea peke yako. Sikutaka kukuaibisha."

Alirudia maneno hayo kanisani, akayarudia kwa jirani. Sasa watu walimsalimia Kanini polepole, kama mgonjwa anayesalimiwa hospitalini. Na kesho, saa nne, wangeenda kwa chifu, iandikwe kwamba akili yake imechoka na shamba la miraa alilopewa na babake lisimamiwe na Ndwiga. Alikuwa amekubali. Mtu asiyejua mikono yake inafanya nini atabishana vipi?

Mbele, Thuranira alishika maikrofoni. Kazi yake ni kuweka sinema za wazungu katika Kimeru, na utani juu yake. Leo ilikuwa ile ya zamani isiyo na rangi: mwanamke katika nyumba kubwa anaona mzimu kwenye ngazi, anapiga kelele, na mume wake anamwita daktari.

"Huyu mama amepotea kabisa!" Thuranira alitangaza. "Angekuwa wa hapa, tungesema ametafuna miraa bila kulala wiki mbili!"

Watu walicheka. Kanini hakucheka. Macho yake, kwa mazoea ya kuchagua vijiti, yalikuwa yanatembea pembeni ya picha. Kulikuwa na kioo ukutani. Mzimu ulipotokea, kioo kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Mwanamke alipokuwa peke yake akishona, kioo kilikuwa wazi na mzimu haukuwepo. Ukatokea tena. Kitambaa tena.

"Mbona kile kioo kinafunikwa?" aliuliza kabla hajajizuia.

Vichwa viligeuka. "Mama Linda naye ameanza kuona vitu!" mmoja alisema, na kicheko kikampiga kama maji baridi.

Lakini Thuranira alisimamisha picha. Akairudisha nyuma, akatazama, akairudisha tena.

"Nimetafsiri hii sinema miaka kumi na moja," alisema, sasa bila utani. "Nilidhani ni nyumba yenye matanga, ndiyo maana wamefunika kioo. Kumbe angalieni. Kitambaa kipo tu katika yale mume anayomsimulia daktari. Huo mzimu hatujauona sisi. Tumeambiwa na mume."

Kanini aliacha kutazama picha. Yale majani ya ng'ombe, nani alimwona akiyaweka? Mtu mmoja tu.

Asubuhi ya Jumatatu Kanini alichuma mapema, akafunga mabunda manne katika majani ya mgomba, akayaweka kivulini. Akaenda kukamua ng'ombe kama siku zote. Aliporudi, mabunda yalikuwa manne, yamepangwa vilevile. Alichuchumaa. Kanini ana kidole gumba kilichokatwa na panga zamani, kwa hiyo huchomeka ncha ya kamba upande wa kushoto, chini. Matatu yalikuwa hivyo. La nne lilikuwa na fundo lenye masikio mawili juu.

Fundo la gunia. Kabla ya kuja kuishi kwenye shamba la babake Kanini, Ndwiga alifunga na kupakia magunia ya kahawa kule Embu.

"Mama Linda." Ndwiga alikuwa mlangoni, amevaa koti la kwenda kwa chifu. "Umeona nini tena?"

Kanini alitazama pande zote. Hapakuwa na mtu karibu, ni migomba tu na ukungu. Akijibu vibaya hatafika popote na hilo bunda.

"Sijaona kitu," alisema. "Ngoja nibebe miraa, Younis atakuwa huko."

Njia nzima Ndwiga alitembea nyuma yake. Kanini alisikia viatu vyake, akasikia vikisimama kila aliposimama, na hakugeuka.

Kwa chifu, Younis alikuwa ameitwa kama shahidi. Kanini aliweka bunda la nne mezani. Younis akatoa kisu, kama kawaida yake.

"Usikate, mwanangu. Wewe kila mara unakata kabla ya kuangalia. Fungua kwa mkono."

Younis aliinama, akalishika fundo. "Hili fundo si lako, mama." Akalifungua. Katikati kulikuwa na majani ya ng'ombe, yakiwa bado na umande.

"Si nimewaambia?" Ndwiga alisema haraka. "Anafunga hata bila kujua!"

Kanini alichukua jani la mgomba lililofunguliwa, akalifunga tena mbele yao, akachomeka ncha kushoto. Halafu akalifungua, akalisukuma na kamba yake mpaka mbele ya mumewe.

"Baba Linda, sasa funga wewe."

Chifu aliweka kalamu chini. Wazee wa kijiji waliokaa naye wakasogeza viti. Ndwiga alicheka kidogo, akatazama mlango, akatazama kamba. Mikono yake ilibaki mapajani. Na mwezi huo wote, hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kuangalia mikono isiyo ya Kanini.